Muulize Fundi: Stuli ya mninga, kiti cha plastiki na mlango unaokwama masika

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina miaka 24, nilisomea useremala na sasa nina kibanda changu cha kazi hapa Morogoro. Natengeneza stuli za mninga. Moja inanichukua siku mbili na nusu, naiuza sh 45,000. Jirani yangu anauza viti vya plastiki kwa sh 18,000. Vinashushwa na lori Jumatatu, Ijumaa vimekwisha. Upande wa pili kuna kaka anayechomelea stuli za chuma, anatoa sita kwa siku. Nimeweka akiba ya sh milioni 4. Je, niache mbao nihamie chuma? Au nitafute mashine ya plastiki?
Seremala mchanga, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu. Swali lako nililisikia kwa baba yangu kabla sijalisikia kwa mtu mwingine yeyote. Alikuwa seremala pale Keko, Dar es Salaam, na viti vyeupe vya plastiki vilipoanza kujaa kwenye kumbi na misibani alikinunua kimoja, akakiweka juu ya benchi lake, akakigeuzageuza asubuhi nzima akitafuta kiungo. Hakukipata. Akaniambia, "Hiki hakikuundwa, kimefyatuliwa." Neno hilo nililichukua nikaenda nalo chuoni, na kwa miaka 26 niliyofundisha sijapata neno bora kuliko hilo.

Tofali unalijua. Udongo haujali umbo. Unauweka kwenye kalibu, unafyatua, unaweka tena. Plastiki nayo ni hivyo hivyo, ila kwa joto na nguvu. Chembechembe za polipropilini, ambayo ndiyo plastiki ya viti hivi, mfano wa punje za mchele, zinayeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 200, halafu zinasukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma cha pua au chuma kigumu iliyofungwa kabisa. Ndani ya kuta za kalibu kuna njia za maji ya kupoza. Kiti kinaganda, kalibu inafunguka, kinatoka na miguu yake minne, mgongo na mikono, kikiwa kitu kimoja. Mfaransa Henry Massonnet alipotoa kiti chake cha Fauteuil 300 mwaka 1972, kiti kimoja kilimchukua chini ya dakika mbili. Siku hizi ni dakika moja hivi. Geuza kiti cha jirani yako uangalie chini ya kikalio, utaona kovu dogo la mviringo. Hapo ndipo plastiki ilipoingilia. Hata ndoo yako ina kitovu cha namna hiyo katikati ya tako lake.

Sasa hesabu. Kalibu ya kiti inagharimu makumi ya maelfu ya dola, na mashine ya kuibana ni ya mamia ya tani za nguvu. Tuchukue mfano wa kalibu ya dola 60,000. Ukifyatua viti 200 kwa mwaka, kila kiti kimebeba dola 300 za kalibu peke yake. Ukifyatua 300,000, kila kimoja kimebeba senti 20. Kwa hiyo urahisi wa kile kiti hautokani na uvivu wa fundi wala ujanja wa mfanyabiashara, unatokana na wingi. Milioni 4 zako hazifiki hata mlangoni mwa kiwanda hicho, na mtu akikuambia ana mashine ndogo ya plastiki ya bei hiyo, itakuwa ya kutoa vifuniko na vishikizo, viti hapana. Hilo naomba uliache leo hii.

Chuma ni habari nyingine. Kaka wa jirani anatoa stuli sita kwa siku kwa sababu kazi ngumu ilishafanywa kabla chuma hakijamfikia. Kiwanda kilikwishaviringisha bati, kikalifunga likawa bomba la mraba, kikalikata kwa urefu wa mita 6. Kila bomba linafanana na mwenzake. Halina kidonda, halina upande wa jua na upande wa kivuli. Yeye anapima, anakata kwa grainda, anashikiza, anachomelea. Ubao wako haujafanyiwa hisani hiyo. Mti umekua miaka mingi ukipigana na upepo, na kila ubao umekuja na kumbukumbu zake. Lazima uusome kwanza: nyuzi zinaelekea wapi, fundo liko wapi, umekauka kiasi gani. Sehemu ya siku zako mbili na nusu inakwenda kwenye kusoma huko, nami sitakuambia upunguze.

Nitakuambia cha kupunguza. Umeandika kwamba stuli moja inakuchukua siku mbili na nusu, maana yake unatengeneza moja moja. Unapima mguu, unakata, unatoboa tundu, unachonga ulimi wa kuingia humo, unaunganisha, unapiga msasa, halafu unaanza upya. Badala yake, tengeneza ishirini kwa pamoja. Siku ya kwanza kata miguu 80, usiguse kitu kingine. Siku ya pili matundu yote. Kwa kila hatua tengeneza kiolezo cha ubao mgumu, kile tunachokiita jigi, chenye kizuizi cha urefu na alama ya tundu, ili usipime mara 80. Kipimo kinachorudiwa mara 80 kwa mkono hakibaki kipimo kile kile. Wanafunzi wangu waliofanya hivi walishusha muda wa stuli hadi chini ya siku moja, na viungo vilikaza zaidi, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea jambo moja.

Wala usidhani mbao haziwezi kwenda kiwandani. Mwaka 1859 Michael Thonet, fundi wa samani aliyefanyia kazi Vienna, Austria, alitoa kiti namba 14. Alichukua fito za beech, mti mgumu wa Ulaya, akazifukiza kwa mvuke mpaka zikalegea, akazipinda ndani ya kalibu za chuma na kuziacha zikauke humo. Kiti kizima kilikuwa vipande 6 vya mti, skrubu 10 na nati 2. Sanduku la mita moja ya ujazo lilibeba viti 36 vikiwa havijaunganishwa. Napenda kuwaeleza wanafunzi kwa nini alipinda badala ya kukata kwa msumeno. Ukikata umbo la mviringo kutoka kwenye ubao ulionyooka, mahali fulani nyuzi zitakatika fupi fupi, na hapo ndipo mtu akikaa kiti kitavunjika. Ukipinda, nyuzi zinafuata mviringo wote kama kamba. Angalia miguu ya stuli zako: kama unaikata ikiwa na pinda, fuatisha nyuzi kwa jicho. Zikitokea ubavuni kabla ya kufika chini, mguu huo utupie kwenye kuni.

Baada ya hayo, ushauri wangu hasa: usihame, changanya. Tengeneza aina ya pili ya stuli yenye miguu ya chuma na kikalio cha mninga. Tumia bomba la mraba la milimita 25, unene wa 1.5. Miguu minne ya sentimita 45 ni mita 1.8, viunga vinane vya sentimita 30, vinne juu na vinne vya kuwekea miguu, ni mita 2.4. Jumla mita 4.2. Mabomba matatu ya mita 6 yanakupa stuli nne, na kinachobaki kinatosha kufidia kile msumeno unachokila. Mkubaliane na kaka wa jirani akuchomelee fremu. Mwambie ashikize pembe zote kwa nukta kwanza, apime mshazari kwa mshazari, ndipo achomelee, akibadilisha pembe inayotazamana na ile aliyotoka kuimaliza. Joto la pembe moja huvuta fremu nzima, na fremu iliyovutwa ndiyo ile stuli inayocheza sakafuni. Bomba lenye mipako ya zinki asilichomelee ndani ya chumba kilichofungwa. Ule moshi mweupe humpa mtu homa usiku huo huo.

Na hapa, binti yangu, nisikilize kwa makini, maana ndipo wengi wanapoharibu. Kikalio usikifunge kwa skrubu zilizokaza kwenye tundu za mviringo. Chuma chako hakitanuki kwa mvua, lakini ubao utapanuka kwa upana, kukingama na nyuzi zake, masika na kusinyaa kiangazi. Ukiufunga pande zote utapasuka katikati, na mteja atasema mninga wako ulikuwa mbovu. Toboa tundu ndefu, mfano wa punje ya mchele, kwenye vipande vya chuma vinavyoshika ubao, zikielekea upande ule ubao unakotanukia, skrubu ipate pa kutembea. Chini ya miguu weka vifuniko vya plastiki, maana bomba lililo wazi hunywa maji ya kudekia na kuoza kwa ndani bila wewe kuona. Hapo stuli yako ina vitu vyote vitatu, kila kimoja mahali pake: chuma kinabeba, mbao inakaliwa, plastiki inazuia maji.

Kabla sijakuacha, mbao zako unazikaushaje? Hukuandika. Mwaka 1987 nilitengeneza mabenchi 40 ya mkongo kwa ukumbi mmoja Temeke. Muuza mbao aliapa kwamba ni kavu, nami nikamwamini kwa sababu nilikuwa na haraka. Yalipofika miezi mitatu kila ulimi ulikuwa unacheza ndani ya tundu lake. Niliyarudisha yote, nikayafungua, nikatia kabari na gundi upya, siku kumi na moja bila malipo. Tangu siku hiyo siamini kiapo. Chukua kipande cha ubao katikati ya rundo, kipime kwenye mizani ya dukani, andika uzito na tarehe. Panga mbao kivulini huku ukitenganisha kwa vijiti ili hewa ipite. Pima tena kila wiki. Uzito ukikataa kushuka kwa wiki tatu mfululizo, mbao imekauka kwa kadiri hewa ya Morogoro inavyoruhusu. Mninga una sifa njema ya kusinyaa kidogo kuliko miti mingi, ndiyo maana unasamehe. Usiutegemee msamaha huo.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nakodisha viti na maturubai kwa shughuli. Nina viti 150 vya plastiki, vyote nilivinunua miaka mitatu iliyopita, na sasa vinavunjika miguu ya nyuma mmoja baada ya mwingine. Wiki iliyopita mzee wa watu alianguka msibani. Je, vinaweza kuchomelewa? Na vipya nichague vipi?
Mama wa viti, Tanga

JIBU: Pole, dada yangu, na mpe pole mzee. Vinaweza kuunganishwa, kwa kuwa plastiki ya aina hii huyeyuka tena ikipashwa moto, si kama ubao unaoungua. Wapo mafundi wanaozamisha waya wa moto ndani ya ufa au kuyeyushia kamba ya plastiki ya aina ile ile. Lakini mguu uliounganishwa hivyo usiurudishe kwenye biashara ya kukalisha wageni. Nyumbani kwako uweke ndoo ya maji juu yake, basi.

Kinachokuvunjia viti ni jua. Miale yake inakata minyororo ya plastiki pole pole. Pitisha kidole kwenye kiti cha zamani. Ukiona unga mweupe umebaki kidoleni, ngozi ya kiti imeshakufa na ufa utaanzia hapo. Mguu wa nyuma unatangulia kwa sababu mtu anapoegemea uzito wote unahamia kule, na kwenye sakafu ya vigae miguu inateleza kwenda nje, ikipinda mahali panapokutana na kikalio. Mguu wa mbao uliolegea hukupa taarifa, unalia kwa wiki kadhaa. Wa chuma unapinda ukaonekana. Huu wa plastiki ya zamani hauagi. Kwa hiyo chambua viti vyako vyote 150 wiki hii, usisubiri. Pindua kila kimoja, kandamiza miguu ya nyuma kwa goti. Penye mstari mweupe kwenye kona, kitoe.

Ukinunua vipya, vipime kwa mizani. Kiti cha mikono chenye afya kina uzito wa kama kilo mbili na nusu hadi tatu. Hata hivyo uzito peke yake unadanganya, maana wengine wanachanganya unga wa chokaa ili kupunguza gharama, na chokaa ni nzito. Kwa hiyo bonyeza ukingo wa mgongo kwa dole gumba: ukirudi taratibu bila kuacha doa jeupe ni dalili njema. Angalia pia mbavu za chini ya kikalio kama zinafika hadi kwenye shina la mguu. Kisha vihifadhi chini ya bati, si chini ya anga. Vilivyovunjika usivichome moto. Vina pembetatu ya mishale yenye namba 5 kwa chini. Wauzie wanaosaga plastiki, na usivichanganye na madumu yenye namba 2, kwa sababu plastiki hizo mbili hazishikani vizuri zikiyeyushwa pamoja.

SWALI: Mwalimu, kati ya sufuria nyepesi za dukani na zile nzito zinazosubiwa na mafundi wa mtaani, ipi inafaa kupikia familia? Bei zinakaribiana.
Baba wa watoto watatu, Nakuru

JIBU: Ile nyepesi ilikuwa duara la bati la alumini, likabonyezwa au likazungushwa kwa kasi huku likikandamizwa juu ya kiolezo mpaka likawa chungu. Unene wake ni sawa pande zote na alumini yake inajulikana. Ile nzito imetoka kwenye mchanga: fundi anashindilia mchanga kuzunguka kiolezo, anakitoa, anamimina alumini iliyoyeyuka, ambayo huhitaji nyuzi 660 tu, ndiyo maana mkaa na feni vinamtosha. Mimi nawaheshimu sana mafundi hao, mikono yao inajua mchanga kuliko vitabu vyangu. Shida ni kinachoingia chunguni: vipande vya injini, redieta, chochote chakavu. Vyungu vya namna hiyo vilivyopimwa katika nchi kadhaa za Afrika vilikutwa vinatoa madini ya risasi kwenye chakula, na madini hayo huharibu akili za watoto. Una watoto watatu. Nunua ya bati. Kama nzito unayo tayari, itumie kuchemshia maji ya kufulia, na usipikie ndani yake, hasa nyanya, ukwaju au ndimu, kwa kuwa uchachu ndio unaokamua zaidi.

SWALI: Assalaam alaykum, Fundi. Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Unguja. Mlango wa mbao wa ndani hukwama kila masika, nami kila mwaka namwita seremala aurande. Mwaka huu nimeona kiangazi una mwanya wa kupitisha kidole. Mwanangu anataka tuweke wa chuma, anasema geti letu la chuma halijawahi kukwama.
Mzee wa Unguja

JIBU: Waalaykum salaam, mzee wangu. Mwanao amesema kweli kuhusu geti. Chuma kinatanuka kwa joto tu. Geti la mita 2, likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua kali, tuseme tofauti ya nyuzi 30, linarefuka pungufu ya milimita moja. Ubao haujali joto hilo, unajali unyevu. Mlango wa mbao zilizosimama, upana wa sentimita 80, unaweza kuongezeka milimita kadhaa kwenda ubavuni kati ya kiangazi na masika, huku urefu wake ukibaki karibu vile vile.

Waliojenga milango mikubwa ya mji wenu walilijua hili kuliko sisi. Tazama mlango wa mbele wowote wa zamani: majani mawili, yaani vipande viwili vya mlango, na katikati mfaa, ule mti uliosimama, ulioshikamana na jani moja ukifunika mwanya. Ule mfaa si nakshi tu. Majani yakitanuka yana pa kwenda, yakisinyaa hakuna anayeona mwanya. Ningeumia kuona nyumba ya Mji Mkongwe inawekewa mlango wa bati kwa kosa ambalo si la mti. Tena chumvi ya bahari ingeula upesi.

Kosa ni kuuranda ukiwa umevimba halafu kuuacha mtupu. Kila mwaka umetoa nyama kidogo, na mbao iliyorandwa bila kupakwa inakunywa maji zaidi mwaka unaofuata. Masika haya usiurande. Paka chaki kwenye fremu, funga mlango, fungua. Chaki itakayohamia mlangoni ndiyo inakuonyesha panapogusa. Weka alama ya penseli hapo na usubiri. Mwezi wa Januari au Februari, kaskazi ikiwa imeukausha, mwambie fundi aung'oe kwenye bawaba na kuulaza. Ule mwanya wa kidole aupunguze kwa kugundisha kipande chembamba cha mti ule ule upande wa bawaba, unene wa milimita 6 au 7, kisha arande palipo na alama tu. Siku hiyo hiyo apake mafuta au vanishi nyuso zote sita: mbele, nyuma, ubavu huu, ubavu ule, juu na chini. Mafundi wengi hupaka zile nne zinazoonekana. Juu na chini ndiko nyuzi za mbao zilizosimama zilikokatwa, na zinanyonya maji kama utambi wa koroboi, kwa hiyo huko apake mara tatu, akiacha kukauka usiku mmoja kila mara, kabla hajaurudisha mlango kwenye bawaba.